Mwangi, Wangari na Meza ya Mwajiri

Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya hutoka kila Ijumaa. Kurasa za mbele ni za wakubwa: nani ameteuliwa mwenyekiti wa shirika gani, nani uteuzi wake umebatilishwa. Anayevumilia kufika huko nyuma, baada ya hatimiliki zilizopotea na mirathi ya marehemu, hukuta matangazo mafupi ya watu waliobadili majina. Maneno ni yale yale ya kiwakili. Mtu mwenye sanduku la posta Nyeri, Karatina, Embu au Meru, aliyejulikana zamani kwa jina hili, ameliacha kabisa, ametwaa jina lile, na anawaomba watu wote tangu sasa wamwite hivyo. Chini kuna jina la wakili. Sababu haiandikwi.

Sababu ziko, na nyingi ni za kawaida. Karani aliandika herufi vibaya na kosa likakua pamoja na mtoto. Mke ameachika na hataki tena kubeba jina la aliyemwacha. Kijana amechoka na jina la ubatizo alilochaguliwa na padri. Lakini katika miji inayouzunguka Mlima Kenya kuna sababu moja inayosemwa kwa sauti ya chini, na ndiyo mhadhara huu umeikusudia: imani kwamba jina linaweza kumpa mtu kazi, au kumnyima.

Kwanza lijulikane jina lenyewe linatoka wapi. Mzazi wa Kikuyu anayefuata desturi hachagui jina, analipa deni. Mtoto wa kwanza wa kiume ni babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama. Msichana wa kwanza ni nyanya mzaa baba, wa pili ni nyanya mzaa mama. Wakizidi hapo, zamu huwafikia wajomba, maami na mashangazi. Ndiyo maana mama wa Othaya humwita mwanawe wa pili wa kiume "baba", wala hatanii. Amemzaa baba yake.

Matokeo ya utaratibu huu ni kwamba majina machache yamebeba watu wengi mno. Mwangi humzaa Kamau, Kamau humzaa Mwangi, na gurudumu linazunguka. Mwalimu wa darasa la kwanza Mukurwe-ini akiita "Mwangi!" huitikiwa kutoka kila pembe. Jina la ubatizo likapata kazi huku mlimani ambayo pengine wamishonari wenyewe hawakuikusudia: kumtenga Peter Mwangi na Simon Mwangi. Wakonsolata kutoka Italia, waliofika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, walileta majina ya watakatifu wao. Waskoti wa Tumutumu, karibu na Karatina, walileta ya Biblia. Mtoto aliyezaliwa Gatuyaini, Othaya, mwaka 1931 alibatizwa Emilio Stanley na mapadri wa Kiitaliano. Wakenya walimjua kwa jina la Mwai Kibaki, na hata leo wengi hushtuka kusikia kwamba Rais wao wa tatu aliwahi kuitwa Emilio.

Wamishonari wenyewe walikuwa mabingwa wa kubadili majina. Sista aliyezaliwa Aurelia Stefani mwaka 1891 aliitwa Irene alipoingia utawa, na watu wa Gikondi, waliomwona akizunguka vilimani kuwauguza wagonjwa wao, wakampa jina lao: Nyaatha, mtu wa huruma. Alipotangazwa mwenyeheri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015, umati uliofurika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi ulikuwa ukimshangilia Nyaatha.

Ni katika misheni hizo ndipo jina lilipoanza kuhusiana na mshahara. Shule ilikuwa ya misheni, na aliyetaka kuwa karani, mwalimu au mkalimani alipitia kwa padri. Kamau wa Ngengi alibatizwa Thogoto mwaka 1914 akawa Johnstone Kamau. Baadaye alisoma mita za maji za manispaa ya Nairobi, kazi iliyolipa vizuri kwa Mwafrika wa siku hizo. Jina la Jomo Kenyatta lilikuja kusimama juu ya jalada la kitabu mwaka 1938, alipokuwa Uingereza. Wakati wa kutafuta mkate alikuwa Johnstone. Wakati wa kutafuta nchi akawa Jomo.

Serikali ya kikoloni nayo haikupenda watu wenye majina ya kuhamahama. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika alibeba kipande, mara nyingi ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Ndani mlikuwa na jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na kuacha kazi, na ujira. Kijana aliyetoroka shamba la setla Laikipia angeweza kujiita jina jingine Nanyuki, lakini vidole vyake vilibaki vile vile. Barua ya kazi ya kwanza ya Mwafrika wa Kenya haikuandikwa na mwombaji. Iliandikwa na mwajiri, na mwombaji akaivaa.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakawatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru na wengine. Maelfu walipelekwa vizuizini, wengine wakarudishwa mashambani. Nafasi zao za kazi mjini zilichukuliwa na watu wa jamii nyingine. Mwaka ule kuitwa Nderitu au Wahome, majina ambayo mtu wa eneo la kati akiyasikia hufikiria Nyeri, kulitosha kumgharimu mtu kibarua. Nyeri ilikuwa Nyeri ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau.

Kumbukumbu ya namna hiyo haifutiki kwa kizazi kimoja. Lakini anayetaka kuona jina, kabila, jinsia na kazi vikikutana mwilini mwa mtu mmoja, asimtafute jenerali wa msituni. Aende Ihithe, Tetu.

Huko alizaliwa msichana mwaka 1940, wa kwanza baada ya wavulana wawili, na kwa desturi akapewa jina la nyanya mzaa baba, Wangari. Alibatizwa Miriam. Alipokuwa mwanafunzi wa masista wa Mathari, mjini Nyeri, aliingia Ukatoliki akawa Mary Josephine, na kwa jina hilo akasafiri mwaka 1960 kwenda kusoma Atchison, Kansas. Aliporudi Nairobi Januari 1966, mkononi akiwa na shahada ya uzamili ya biolojia kutoka Pittsburgh, alikuwa ameamua kuyaacha ya ubatizo na kujitambulisha kama Wangari Muta: jina la nyanya, jina la baba, basi.

Alikuwa pia na barua iliyomwahidi kazi ya msaidizi wa utafiti katika idara ya zuolojia ya chuo kikuu. Alipofika kuripoti, profesa alimwambia nafasi imekwenda kwa mwingine. Wangari mwenyewe ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba aliyepewa alikuwa wa jamii ya profesa huyo, na kwamba alilisoma tukio lile kama ubaguzi wa kabila na wa jinsia kwa pamoja. Aliyemnusuru alikuwa mgeni: Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani, aliyemwajiri katika idara ya anatomia ya mifugo. Mwaka 1971 Wangari akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu.

Je, angebaki Mary Josephine, kazi ile ya kwanza angeipata? Hakuna dalili. Aliyeandika barua alijua anamwandikia nani. Jina la kigeni huficha kabila kwa asiyemjua mtu, na Nairobi ya 1966 wasomi walikuwa wachache kiasi kwamba kila mtu alijua mwenzake ametoka wapi. Hili liwekwe akilini, maana litarudi.

Aliolewa mwaka 1969, na jina la mume, Mathai, likaingia kwenye vyeti na kwenye maandishi ya kisayansi. Ndoa ilipovunjwa mahakamani mwaka 1979, mumewe alitaka jina lake lirudishwe. Kufikia hapo mwanamke huyu alikuwa profesa mshiriki, na Vuguvugu la Mkanda wa Kijani alilolianzisha 1977 lilikuwa limeanza kujulikana. Jina lilikuwa mtaji wake wa kazi. Akaongeza herufi moja, likawa Maathai, akaendelea na safari. Mwaka 2004 kamati ya Oslo ililiandika hivyo hivyo kwenye Tuzo ya Nobel ya Amani.

Sasa turuke bahari kidogo, kwa kuwa huko wamelipima jambo hili kwa takwimu. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Boston na Chicago. Walituma wasifukazi karibu 5,000 za watu wasiokuwepo, sifa zikiwa zinalingana, majina tu ndiyo tofauti. Emily na Greg waliitwa mara nyingi zaidi ya Lakisha na Jamal, kwa tofauti ya karibu asilimia 50. Uingereza, utafiti uliofanywa kwa niaba ya serikali na kutolewa mwaka 2009 ulitumia, miongoni mwa majina mengine, Alison Taylor na Mariam Namagembe, jina ambalo kila Mganda atalitambua. Mwenye jina la Kizungu alihitaji kutuma maombi 9 kupata jibu la kutia moyo. Wenye majina ya wachache walihitaji 16.

Na Sweden? Mahmood Arai na Peter Skogman Thoursie waliwafuatilia wahamiaji kutoka Asia, Afrika na nchi za Kislavi waliobadili majina ya ukoo miaka ya 1990, wakachukua ya Kiswidi au yasiyo na kwao. Katika utafiti wao uliochapishwa 2009, mapato ya waliobadili yalipanda kwa kiasi kikubwa baada ya mabadiliko. Kijana wa Nanyuki anayesoma habari hizi kwenye simu yake ana haki ya kuuliza: kwa nini nami nisifanye hivyo?

Jibu la mhadhara huu ni kwamba dawa ya Stockholm haitibu ugonjwa wa Nyeri, na sababu ziko mbili.

Ya kwanza ni karatasi. Mtu wa Sweden ana namba moja tangu kuzaliwa au kuhamia. Akibadili jina, namba inabaki, na rekodi zake zinaifuata. Mkenya ana rundo. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha mtihani wa sekondari (KCSE), kitambulisho, PIN ya kodi ya KRA, kadi ya mfuko wa uzeeni wa NSSF, bima ya afya, akaunti ya benki, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na kwa mwalimu, namba ya tume ya walimu, TSC. Vyote vinatakiwa vikubaliane. Hati ya kubadili jina huandikwa na wakili, husajiliwa Nairobi, hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi, na hapo ndipo foleni zinapoanza. Herufi moja aliyoiongeza Maathai, mhitimu wa leo akiwa nayo kwenye kitambulisho na akaikosa kwenye cheti cha shule, atakwenda kula kiapo kwa wakili kwamba Wangechi na Wangeci ni mtu mmoja, alipe, arudi kaunta, aambiwe aje na nakala ya awali. Kazi nayo haimsubiri.

Ugumu wa cheti cha mtihani ulifika Mahakama Kuu. Mwanaharakati Audrey Mbugua alifanya KCSE mwaka 2001 katika Shule ya Upili ya Kiambu akapata A ya kutoa, kisha akasoma chuo kikuu. Akiwa mwanamke aliyebadili jinsia, kila alipopeleka vyeti vyenye jina la kiume aliulizwa vyeti ni vya nani. Alama zilikuwa zake, akili ilikuwa yake, na ajira haikupatikana. Alibadili jina kisheria, lakini Baraza la Mitihani likakataa kugusa cheti. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru baraza libadili jina hilo na litoe cheti kisicho na alama ya jinsia. Wapo waliochukizwa na uamuzi huo kwa sababu zao za kidini. Hata wao hawawezi kukanusha sehemu yake iliyo rahisi kabisa: cheti kipo kuthibitisha kwamba mtu alifaulu, na kikimzuia aliyefaulu kula jasho la kufaulu kwake, kimegeuka kikwazo.

Kabla ya kuiacha karatasi, neno juu ya nafasi tupu. Watoto wengi wa eneo hili wamelelewa na mama peke yao, na kwa miaka mingi cheti cha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakikuweza kubeba jina la baba bila baba kukubali. Mei 2016 Jaji Mumbi Ngugi alitamka kifungu kilichoweka sharti hilo, cha 12 katika Sheria ya Vizazi na Vifo, kuwa kinyume cha Katiba. Kijana aliyezaliwa kabla ya hapo bado huulizwa kwenye mahojiano, "Na jina la tatu?" Swali hilo halihusiani na uwezo wake wa kupima chai kiwandani wala kuandika hesabu za ushirika. Huulizwa tu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Lakisha ni mchache mbele ya Greg karibu kila mahali Marekani. Mwangi wa Kenya si mchache kila mahali. Jina linalomfungia mlango Kisumu linamfungulia Karatina. Ripoti ya Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2011 ilionyesha Wakikuyu wakiwa asilimia 22.3 ya watumishi wa umma, ilhali sensa ya 2009 iliwahesabu takriban asilimia 17 ya Wakenya. Rais wakati huo alikuwa mtu wa Othaya. Msemaji anayesimama Nyeri na kulalamika kwamba majina ya mlimani yanaonewa, pasipo kuitaja takwimu hiyo, anawadanganya wasikilizaji wake.

Hapa kwetu, mwenye shida ya jina ni Otieno, ni Wafula, ni Abdi. Ni Abdi hasa. Vijana wa jamii za Kisomali na za mpakani walipitia kwa miaka mingi kamati za kuwachuja kabla ya kupewa kitambulisho, zoezi ambalo Rais Ruto alitangaza kulifuta Februari 2025. Si habari za mbali: Isiolo na Nanyuki ni mwendo wa saa moja na ushei kwa matatu, na kijana asiye na kitambulisho hata barua ya maombi hana haja ya kuiandika.

Pia jina halikomi kufanya kazi mtu akishaajiriwa. Mchumi Jonas Hjort alichunguza shamba moja kubwa la maua nchini Kenya, biashara ambayo watu wa Timau na Nanyuki wanaijua vizuri. Wafanyakazi walipangwa watatu watatu: mmoja akigawa maua, wawili wakiyafunga, na mishahara ikifuata idadi ya maua. Mgawaji aliwapunguzia maua wasio wa kabila lake, hata pale alipojipunguzia mwenyewe kipato. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, ambapo Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa na watu walidaiwa vitambulisho kwenye vizuizi vya barabarani, pengo hilo lilipanuka. Menejimenti ilipoanza kuwalipa wafungaji wawili kwa jumla ya kazi yao, upendeleo kati ya wafungaji ukapungua. Hakuna aliyebadili jina. Kilichobadilika ni hesabu ya malipo.

Tukio hilo la shambani lina uzito kuliko mahubiri mengi ya amani, kwa sababu linaonyesha nani mwenye uwezo wa kurekebisha. Ni aliyekaa upande wa pili wa meza. Anaweza kumwambia karani afunike majina, shule za msingi na mahali pa kuzaliwa kabla orodha ya waombaji haijafika kwa jopo. Anaweza kuwauliza wote maswali yale yale na kuandika alama papo hapo. Haya hayahitaji fedha za wafadhili. Yanahitaji karatasi, kalamu nyeusi na mwenyekiti asiyeogopa simu ya mheshimiwa.

Simu hiyo ndiyo kiini. Huku kwetu kazi nyingi hazipitii kwenye wasifukazi hata kidogo. Hupitia kwa "mtu wetu", aliyesoma na shangazi, anayesali kanisa moja na meneja. Mtu wetu halitazami jina kwenye barua kwa kuwa amekwisha kuuliza "huyu ni wa nani?" Jibu la swali hilo haliwezi kubadilishwa kwa wakili wala kwa Gazeti Rasmi, kama vile barua ya 1966 haikumkinga binti wa Muta.

Sheria zipo. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi wa kabila na wa asili ya mtu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza hivyo mwajiri binafsi. Sheria ya Utangamano ya 2008 inasema taasisi ya umma isijaze zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Kila mkazi wa Nyeri, Kirinyaga, Embu, Meru, Tharaka-Nithi au Laikipia anaweza kuandika barua kwa bodi ya utumishi ya kaunti yake na kuuliza asilimia hiyo imefikiwa au la. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 kujibu. Walio ukumbini waiandike wiki hii, na chini wasaini kwa majina waliyopewa na babu na nyanya zao.